Picha Moja tu ya Izimbya

"Bibi, ukipewa picha moja tu ya kupigwa kutoka angani, ungetaka wapige wapi?"

Swali hilo liliulizwa na mwanangu wa darasa la sita, chini ya mparachichi ulio nyuma ya nyumba ya mama yangu kule Izimbya, Bukoba Vijijini. Mama alikuwa anamenya ndizi za mchana. Hakuinua kichwa.

"Kwanza niambie huyo mpigaji yuko mbali kiasi gani," alijibu. "Maana akiwa mbali sana hatanipiga mimi, atapiga mlima."

Msomaji, mama yangu ana miaka sabini na minane na shule aliishia darasa la nne. Lakini swali lake ndilo swali la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote anayetaka kuomba picha ya dunia kutoka kwenye chombo cha anga lazima ajiulize. Siku kumi tulizokaa pale zilitokana na swali hilo, na mwisho wake hatukubaki tunazungumza mambo ya anga peke yake.

Nianze mwanzo.

Usiku mmoja ndani ya meli

Mimi naishi Mwanza na wanangu wawili, huyo wa darasa la sita na mdogo wake wa darasa la tatu. Likizo ya mwezi wa sita tulipanda MV Victoria jioni, tukala chakula tulichobeba, watoto wakalala juu ya mizigo, na alfajiri tukawa tunaikaribia Kemondo. Pamoja nasi alikuwa binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, aliyekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam kutuunga. Ni mtoto wa kusoma sana na kuuliza sana.

Kemondo tulikodi Noah. Ukiacha ziwa nyuma yako unapanda kilima, unashuka bondeni, unapanda kingine. Nchi yetu ya Bukoba imepangwa kama mikunjo ya kitenge: safu za vilima zinakwenda kaskazini na kusini, sambamba na ufuko wa ziwa, na katikati yake mabonde yenye majimaji na mafunjo. Juu ya vilima kuna rweya, ile nchi ya nyasi tupu isiyo na miti mingi. Halafu ghafla unaingia kwenye giza la migomba, nyumba zimejificha ndani, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa. Hicho ni kijiji. Ukitoka unakuta tena nyasi.

Lami iliisha, vumbi likaanza, na kila tulivyozidi kwenda magharibi hewa ilizidi kuwa kavu. Pwani ya ziwa, pale Bukoba mjini, mvua ni nyingi kupita kiasi, lakini ukivuka vilima inapungua haraka. Izimbya iko upande huo wa ndani, jirani na Rubale, nchi ya Ziwa Ikimba. Wengi wanaijua kwa sababu ya hospitali yake. Mimi naijua kwa sababu nilizaliwa pale na baba yangu amezikwa pale, ndani ya kibanja, hatua ishirini kutoka jikoni.

Safari ile haikuwa ya mapumziko tu. Mwezi mmoja kabla, kaka alinipigia simu. Alisema mama amezeeka, kibanja kimemshinda, migomba imepungua, na kuna mtu yuko tayari kununua. Mama ahamie Dar akae naye. "Wewe nenda ukamwandae," aliniambia. Nilikubali kwenda. Kumwandaa sikuwa na uhakika kama naweza.

Nyota isiyopepesa

Jioni ya pili, kama saa moja na nusu, tulikuwa tumekaa uani tukisubiri chakula. Izimbya ukizima taa ya sola unaona nyota ambazo Mwanza hatuzioni. Binti wa kaka akanyoosha kidole: "Shangazi, tazama ile!"

Ilikuwa nukta nyeupe, kali kuliko nyota zote, inatembea kimya kutoka upande mmoja wa mbingu kwenda mwingine. Haikuwakawaka kama taa ya ndege. Baada ya dakika chache ilififia na kupotea kabla ya kufika chini, maana ilikuwa imeingia kwenye kivuli cha dunia.

"Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga," alisema binti. "Kuna watu mle ndani sasa hivi."

Mdogo wa darasa la tatu alipunga mkono. Kisha akauliza, "Wanatuona?"

Hapo ndipo binti alipotueleza habari aliyoisoma shuleni, nami baadaye niliifuatilia nikakuta ni kweli. Mwaka 1983, tarehe 18 Juni, Sally Ride akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani. Aliporudi akawa profesa wa fizikia kule California, na kitu kimoja hakikumtoka moyoni: ile dunia aliyoiona kupitia dirishani. Alitaka watoto nao waione, na si kwa kuonyeshwa picha zilizochaguliwa na wakubwa. Alitaka wachague wenyewe pa kupiga.

Mwaka 1995 alianzisha mpango ulioitwa KidSat. Machi 1996 kamera ya mpango huo ikaruka kwa mara ya kwanza ndani ya chombo cha Atlantis. Mwaka 1998 jina likawa EarthKAM, na mwaka 2001 kamera ikahamia kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sally Ride alifariki tarehe 23 Julai 2012, na baada ya hapo mpango ukapewa jina lake.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Wanaanga wanafunga kamera kwenye dirisha linalotazama chini na kuiunganisha na kompyuta. Baada ya hapo hawaigusi. Huku duniani, wanafunzi wa shule zilizojiandikisha wanafungua ramani inayoonyesha njia ambayo kituo kitapita siku hizo chache za zoezi. Wanachagua mahali juu ya njia hiyo na kutuma ombi lao. Maombi yanakusanywa, yanapangwa kwa saa, dakika na sekunde, yanarushwa hadi kwenye ile kompyuta, na kamera inajipiga yenyewe muda ukifika. Picha zinarudi, na mtoto anaona mahali alipopaomba.

"Kwa hiyo anayepiga ni mtoto," alisema mwanangu wa darasa la sita.

"Ndiyo. Ila yuko chini."

Kesho yake asubuhi mchezo ukaanza.

Masharti ya kuomba

Hatukuwa na shule iliyojiandikisha, wala intaneti ya kuaminika. Tulikuwa na daftari, rula, atlasi ya shule iliyochakaa ya binti na mtoto wa jirani ambaye alijileta mwenyewe akawa wa nne. Binti akawa mwalimu. Akaweka sharti: kila mmoja ana ombi moja tu, na lazima alitetee mbele ya wengine.

Sharti la umbali ndilo la kwanza, lile la Bibi. Kituo kinapita juu kiasi cha kilomita 400. Ukipiga picha kwa lenzi ya kawaida kutoka umbali huo, picha moja inafunika eneo la kama kilomita 190 kwa 125. Tulichukua rula tukapima kwenye atlasi. Ukiweka Izimbya katikati, picha hiyo hiyo inaibeba Bukoba mjini, Ziwa Ikimba, sehemu kubwa ya Muleba, Mto Kagera, Karagwe na hata kipande cha Uganda.

"Na nyumba ya Bibi?" aliuliza mdogo.

Binti akapiga hesabu. Katika picha ya namna hiyo nukta moja inafunika kama mita arobaini na kitu kila upande. Nyumba haionekani. Kibanja chote cha eka moja ni nukta mbili tu.

Mdogo hakufurahi. "Mbili tu?"

"Mbili," alisema dada yake. "Ila zipo."

Pili, mwendo. Kituo kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita saba kila sekunde. Meli ilituchukua usiku kucha kutoka Mwanza hadi Kemondo. Kile kinavuka umbali huo kwa chini ya nusu dakika. Ukikosea sekunde kumi tu katika ombi lako, ulitaka Izimbya, unaletewa maji ya ziwa.

Tatu, njia. Kituo kinaizunguka dunia mara moja kwa dakika tisini na kidogo, lakini dunia nayo haijasimama kukisubiri. Inajizungusha chini yake. Kikipita juu ya Kagera sasa hivi, mzunguko unaofuata kinakuta Kagera imekwishasogea, na njia yake inaangukia kama kilomita 2,500 magharibi, kwenye bahari iliyo mbele ya Gabon. Huwezi kusema "nipigie kesho saa nne." Unaangalia kwanza njia itapita wapi na lini, na iwe mchana, kisha unachagua kilicho chini yake. Mwanangu alisema ni kama kusubiri basi la Rubale: usimame barabarani linapopita, si mlangoni kwako.

Nne, mawingu. Hapa mwalimu wetu alikwama, na mwanafunzi akawa mwalimu.

Bibi na mawingu

Binti alikuwa ameandika kwamba mwezi wa nne ni mzuri kwa sababu nchi ni ya kijani. Mama alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Mwezi wa nne? Utapiga mgongo wa wingu."

Akawaita karibu, akawaeleza kama alivyonieleza mimi nilipokuwa mdogo, nikawa nimesahau. Usiku, ziwa linakusanya mawingu. Ngurumo unazozisikia alfajiri zinatoka huko, na mvua ya asubuhi inapiga kwanza watu wa ufukweni. Jua likishapanda, ziwa linatulia na nchi kavu inaanza kutengeneza mawingu yake, madogo madogo kama pamba, na kufikia saa nane mchana yamejaa juu ya vilima. Masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, usijisumbue. Vuli, kuanzia mwezi wa tisa, vivyo hivyo. Kiangazi ni mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa nane mbingu ni kavu, lakini watu wanachoma nyasi za rweya, na moshi unaweka ukungu.

"Kwa hiyo ni lini, Bibi?"

"Sasa. Mwezi huu na ujao. Asubuhi jua likishapanda vizuri, saa nne, saa tano, kabla ya hiyo pamba kujaa."

Binti aliandika yote. Siku tatu baadaye tulikwenda hadi mahali penye mtandao mzuri, akasoma habari za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo picha zake ni bure kwa mtu yeyote. Moja ilirushwa 2015, nyingine 2017. Waliozitengeneza wamezipangia kupita kila mahali saa nne na nusu asubuhi kwa kufuata jua la mahali husika, ambayo kwa saa yetu huku magharibi mwa nchi inakaribia saa tano na nusu. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwanga unakuwa umetosha na mawingu ya mchana hayajakusanyika.

"Shangazi," alisema, "ni saa ile ile ya Bibi."

Nilimwambia arudie maneno hayo tukifika nyumbani, mbele ya Bibi mwenyewe. Alirudia. Mama alisema tu, "Sasa nao wamejua," akaendelea kupepeta maharage.

Maombi manne

Siku ya kutetea maombi ilikuwa Jumamosi jioni.

Mtoto wa jirani alitaka mahali Mto Kagera unapoingia Ziwa Victoria. Alisema maji ya mto ni ya udongo na ya ziwa ni ya buluu, kwa hiyo picha itaonyesha ulimi wa kahawia ndani ya ziwa. Hoja nzuri. Na kilichomshangaza ni kwamba mdomo huo uko Uganda kidogo, kaskazini ya mpaka. Kwenye atlasi mpaka ni mstari mnyoofu uliochorwa kwa kufuata latitudo ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Angani mstari huo haupo. Babu zetu waliona vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kwa sababu ya nchi iliyo kati ya mstari huo na mto, na mkoa wenyewe ukaacha jina la Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera baada ya vita hivyo. Lakini chombo kinachopita juu kingeona mto tu.

Mwanangu wa darasa la sita alitaka Ziwa Ikimba. Alisema ni alama: ukiliona unajua Izimbya iko jirani. Mpiga picha mzuri, alisema, hutafuta kwanza kitu kisichopotea.

Binti alitaka ukingo wa ziwa kuanzia Bukoba kushuka Muleba, ili avione visiwa na ile mikunjo ya vilima vyote kwa pamoja.

Mdogo alisimama mwisho, mikono nyuma. "Mimi naomba nukta mbili za Bibi."

Wakubwa wakamcheka. Binti akamweleza kwa upole kwamba hazitatofautika na nyingine. Yeye akashikilia: "Ni za kijani kuliko za pembeni."

Nilidhani anabahatisha. Lakini kwenye simu ya binti kulikuwa na picha ya Sentinel-2 tuliyoipakua siku ile ya mtandao, ya kiangazi, isiyo na wingu. Setilaiti hizo zinaona vizuri zaidi. Nukta moja ni mita kumi, kwa hiyo eka moja inapata nukta kama arobaini. Tukaifungua, tukalitafuta Ziwa Ikimba kama alivyoshauri kaka yake, tukafuata barabara hadi kwetu.

Mtoto alikuwa sahihi. Nchi ya nyasi ilikuwa imepauka, rangi ya mkeka wa zamani. Ndani yake vijiji vilikuwa visiwa vya kijani kibichi, vingine vikubwa, vingine vidogo kama vifungo vya shati. Kisiwa kimoja kilikuwa chetu na cha majirani zetu.

Tulimpelekea mama simu. Alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Mnajua kwa nini hapa ni kijani na pale si kijani?" aliwauliza.

"Ardhi yake nzuri," alisema mwanangu.

"Hapana. Ardhi ni ile ile."

Akawasimulia. Udongo wa vilima vyetu ni maskini. Rweya ikiachwa ilivyo inaotesha nyasi, basi. Kibanja kimetengenezwa. Wanawake walikata nyasi kule juu, wakazibeba kichwani, wakatandaza chini ya migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, na samadi yao ikaenda kwenye migomba. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, makapi ya kahawa, vyote vilirudi humo. Mwaka baada ya mwaka, mama mkwe kwa mkamwana, kila kizazi kilihamisha rutuba kidogo kutoka kwenye nyasi kuleta kwenye kibanja. Yeye mwenyewe aliolewa akiwa na miaka kumi na minane akakabidhiwa kazi hiyo.

"Hiyo kijani mnayoiona si Mungu peke yake aliyeiweka. Ni vichwa vyetu," alisema, akajigusa utosini. "Na mkiacha kubeba, inarudi kuwa nyasi."

Akaonyesha kwa kidole upande wa mashariki wa kisiwa chetu, ambako kijani kilikuwa na tundu. Ni kibanja cha jirani ambaye watoto wake wote wako mjini. Kwanza mnyauko wa migomba, ule ulioingia Kagera mwaka 2006, uliua mashina mengi. Hakuna aliyeng'oa yaliyougua wala kupanda mapya. Sasa ni kichaka na nyasi.

Tundu lile lilionekana kutoka angani, na hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima.

Simu ya kaka

Usiku ule nilimpigia kaka, nikaweka sauti juu ili mama asikie. Nilikuwa nimemtumia ile picha. Kimila, kibanja cha ukoo ni jambo la watoto wa kiume, na ingawa tangu hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990 Mahakama Kuu ilikwishasema mwanamke wa Kihaya ana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo, kwenye vikao vya familia binti bado huombwa azungumze mwisho. Safari hii nilizungumza kwanza. Nilisema sikumwandaa mama na sitamwandaa.

Kaka hakukasirika. Alisema kitu ambacho lazima nikiandike hapa kwa haki: kwamba yeye ndiye anayetuma fedha za dawa, kwamba halali akifikiria mama ataanguka usiku peke yake, na kwamba picha ya kijani haimtibu mtu. Ni kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa ardhi, yeye akaniletea hofu ya mtoto kwa mzazi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nakushukuru. Mimi naogopa kuanguka kama wewe unavyoogopa. Lakini nikianguka Dar nitakuwa nimeanguka kwa watu. Hapa nitakuwa nimeanguka kwangu. Nitafutieni mtu wa kulala hapa, na mtu wa kubeba nyasi. Mengine tutazungumza tukiwa hai."

Tulikubaliana mambo matatu. Binti wa jirani, aliyemaliza shule, atalala kwa mama na kulipwa kila mwezi, kaka nusu na mimi nusu. Kijana mmoja atakata nyasi na kuleta samadi, aanze na upande wa mashariki, na mashina yaliyougua yang'olewe yote kabla ya kupanda machipukizi safi. Na habari ya kuuza isizungumzwe hadi mwaka uishe. Haya si maamuzi ya milele. Ni ya mwaka mmoja. Lakini kaka aliomba kitu kimoja kabla ya kukata simu: mwakani mwezi wa sita tumtumie picha nyingine ya mahali pale pale.

Macho yetu wenyewe

Wazazi wenzangu, mtu anaweza kusema mambo ya anga ni ya Wazungu. Si kweli, na haikuwa kweli hata zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka kwenye kituo kile kile tulichokiona uani kwa mama. Desemba 2022 ikaachiwa ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita kumi uliotengenezwa na vijana watatu wa Uganda waliokuwa masomoni Japani, ukiwa na kamera ya kutazama ardhi na maji. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Majirani zetu hawa tunachangia nao ziwa moja. Mtoto wa Izimbya anayejua saa ya mawingu kuondoka ana kitu cha kuwaambia.

Na huhitaji roketi kuanza. Mchezo wetu uligharimu daftari moja. Mpe mtoto ramani, mwambie ana picha moja tu, na mwambie aitetee. Mwache amuulize mkubwa wa nyumba kuhusu mvua, moshi na majina ya vilima. Ukipata mtandao, fungueni pamoja picha za bure za setilaiti na mtafute kwenu, mkianzia kwenye alama kubwa: ziwa, mto, barabara. Mtoto aliyezaliwa mjini akishapata nukta ya nyumbani kwao kwa kuitafuta mwenyewe, hutamlazimisha kwenda kijijini.

Siku ya kuondoka mama alitufungia ndizi, kahawa ya kutafuna ya kumpelekea kaka na chupa ya samli. Wakati Noah inageuza, mdogo alichomoa kichwa dirishani.

"Bibi, hukutuambia. Picha yako moja ungepiga wapi?"

Mama alifikiri kidogo.

"Hapo hapo ulipoomba wewe," alisema. "Ila wasubiri kwanza nipande upande wa mashariki."